Isipokuwa Waha: Hotuba ya Uraia ya Mwaka 1961

Katika vitabu vya kumbukumbu kama hiki ni desturi kuwataja waliojenga: aliyetoa kiwanja, aliyechanga saruji, aliyepaka rangi. Safari hii tumeona vema kukumbuka pia hotuba moja, kwa kuwa ilisaidia kuamua kama wajenzi hao wangekuwa wananchi au wageni tu.

Ilitolewa Bungeni, Dar es Salaam, tarehe 18 Oktoba 1961, siku 52 kabla ya Uhuru. Serikali ilikuwa imeleta muswada wa uraia wa Tanganyika, na baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Uchungu wao ulikuwa na sababu. Katika shule, kazi na mishahara ya kikoloni, Mzungu aliwekwa juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Waziri Mkuu, Julius Nyerere, alisimama kuwajibu.

Hoja yake aliijenga kwanza kwa mfano wa ndoa. Tukiutaliki uraia na utii kwa nchi, alieleza, kisha tukauoza kwa rangi, hatutaishia hapo. Mfano huo unaeleweka na kila mtu, nao una uzito wake: utii ni jambo ambalo mtu hulichagua na kulitenda, rangi huzaliwa nayo, wala hakuombwa ridhaa.

Kisha akatumia orodha. Itakuja siku, alionya, tutakaposema kwamba watu wote wameumbwa sawa, isipokuwa Wamasai, isipokuwa Wagogo, isipokuwa Waha, isipokuwa wenye wake wengi, isipokuwa Waislamu. Hapa ndipo penye nguvu ya hotuba nzima. Mjadala ulihusu Wahindi na Wazungu, lakini orodha hiyo haikuwagusa hao. Iliwagusa Waafrika wenyewe. Mbunge aliyekuwa ameketi kama hakimu alijikuta miongoni mwa washtakiwa. Nasi tunaokaa Kidahwe, katika nchi ya Waha, si mbali na Ujiji yenye Waislamu wengi, tunasikia majirani zetu wakitajwa mara mbili.

Hakutegemea ufundi wa maneno peke yake. Aliweka cheo chake rehani: Serikali ingejiuzulu kama Bunge lingeikataa kanuni hiyo.

Muswada ukapita. Aliyezaliwa Tanganyika, na walau mzazi wake mmoja akawa amezaliwa humo, alikuwa raia tangu siku ya Uhuru. Aliyezaliwa humo bila mzazi wa namna hiyo alipewa miaka 2 ya kujiandikisha. Familia nyingi za Kihindu, ambazo wazazi wao walizaliwa Gujarat, ziliangukia fungu hilo la pili. Wako waliojiandikisha, wako waliosita, wako walioondoka. Hotuba ilifungua mlango. Kuingia kuliachwa kwa kila mtu na dhamiri yake.

Wala haikumaliza machungu yote. Majengo yalipotaifishwa mwaka 1971, wenzetu wengi walijiuliza tena kama hapa ni kwao. Hata hivyo, kipimo kilichowekwa mwaka 1961 kilibaki, na kwa kipimo hicho hicho tuliweza kuhoji na kujibiwa kama raia.

Leo neno “isipokuwa” bado linasikika mkoani Kigoma, ingawa si kwetu pekee. Mwenyeji wa kijiji cha mpakani huulizwa, kwa sababu ya lafudhi au jina lake, kama yeye si Mrundi au Mkongo. Jirani akiulizwa hivyo mbele yetu, tusinyamaze kwa kudhani kwamba safari hii zamu si yetu. Mwaka 1961 walisimama kututetea watu ambao wenyewe hawakuwa wakishambuliwa siku ile. Deni hilo hulipwa kwa kusimama vivyo hivyo kwa ajili ya mwingine.