Ghala na Tuta: Mali na Huruma katika Ukristo wa Ukambani

Anayetaka kujua Ukristo wa Ukambani ulifunza nini kuhusu mali aanze na njaa, mahubiri yatafuata. Walutheri wa Leipzig walikuwa Ikutha, Kitui, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1890. Peter Cameron Scott wa Africa Inland Mission alifika Nzaui, Makueni ya leo, mwaka 1895 na kufariki mwaka uliofuata. Kabla mbegu haijashika mizizi ikaja njaa ya 1898-1899. Sotoka ilikuwa imeshafyeka ng'ombe, mvua ikakosekana, ndui ikafuata, na familia kadhaa zikapeleka wanawake na watoto Ukikuyu ili wapate kula. Kwa wengi waliobisha hodi, misheni ilikuwa ghala kabla haijawa kanisa. Sadaka hiyo ya chakula iliokoa watu, na anayeidharau hajawahi kukosa unga. Ila haikuuliza umaskini ulitoka wapi. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilipowanyang'anya Wakamba ng'ombe kwa kisingizio cha kuokoa udongo, Muindi Mbingu akaongoza maandamano hadi Nairobi, akahamishiwa Lamu. Umaskini wa aina hiyo hauponywi kwa kugawa mahindi.

Kanisa la kale lilikuwa na jibu kali zaidi. Karibu mwaka 369, Kapadokia ikiwa katika ukame, Basili wa Kaisaria, aliyekuwa bado kasisi kabla ya kuwa askofu, aliwashambulia wenye maghala waliosubiri bei ipande. Kwake, nafaka iliyofungiwa wenye njaa wakiwa nje ni mali ya hao wenye njaa. Mfanyabiashara yeyote wa nafaka katika soko la Tawa, huku Ukambani, angemwelewa bila mkalimani. Ukame mmoja wa miaka ya 1980 Wakamba waliuita kwa jina lenye maana ya mtu anayekufa huku ameshika fedha mkononi, maana chakula cha kununua hakikuwepo.

Nadai kwamba huruma iliyodumu milimani Mbooni na kwingineko Ukambani ni ile iliyopita katika mwethya, kazi ya pamoja ya majirani, ambapo mtoaji na mpokeaji hushika jembe kwenye tuta moja. Mwaka 1978 Joshua Mukusya na wenzake walianzisha kikundi cha kazi ya pamoja cha Utooni, Machakos. Kuta walizojenga kwenye mito ya msimu hunasa mchanga, na maji hubaki humo jua lisiyafikie. Jimbo Katoliki la Kitui nalo limeunga mkono kazi kama hiyo.

Itasemwa kwamba mwethya ni wa mababu, kanisa limeukuta tu. Kweli, na wakoloni pia waliukuta: matuta ya kuzuia mmomonyoko waliyoyalazimisha yalichukiwa, ila vikundi vilipojichagulia viongozi katika miaka ya 1950 yakaenea. Lakini mkate na divai navyo kanisa lilivikuta mezani. Pingamizi zito zaidi ni la asiye na nguvu. Tuta huchimbwa kwenye shamba la mtu, na mwenye kuita mwethya hutarajiwa kuwalisha waliokuja. Mjane asiye na unga haiti mtu, na kijana asiye na shamba huwachimbia wengine miaka yote. Hapa ushirika peke yake hautoshi, na sadaka ya Jumapili inapata kazi yake halisi: kununua unga utakaopikwa shambani kwa mjane, ili zamu yake isirukwe.