Mali Bila Daftari: Historia Fupi ya Maandishi Matupu

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Jumuiya zetu hapa Dallas–Fort Worth na kule Houston zimeushika sana usemi huo. Tangu watu walipokuwa wengi kiasi cha kuchangiana, palikuwa na katibu, na katibu alikuwa na daftari: katiba, mihutasari ya mikutano, orodha za michango ya misiba, historia za marehemu zilizosomwa kanisani au msikitini kabla ya mwili kusafirishwa nyumbani. Lakini wahenga walikuwa na daftari la karatasi. La kwetu kwa muda mrefu sasa ni faili ya kompyuta, na faili ina ugonjwa ambao karatasi haina. Inaweza kuwepo, nzima, haijaliwa na mchwa wala haijalowa maji, na bado isisomeke na mtu yeyote.

Ugonjwa huo tumeuona kwa macho yetu. Familia moja ilitaka historia ya marehemu baba yao iliyosomwa mwaka 2003, ili wajukuu waliozaliwa hapa wamjue babu yao kwa maneno ya watu waliomfahamu. Katibu wa wakati ule aliitunza. Aliyempokea aliinakili kutoka disketi kwenda CD, na wa tatu akaihamishia kwenye kompyuta yake. Kila mmoja alitimiza wajibu wake. Ila faili ilikuwa imeandikwa kwa programu moja ya ofisi ambayo watengenezaji wake walikwisha kuiacha. Tulipoifungua tulipata vijisanduku na alama za kuuliza, na katikati yake vipande vya maneno: "alizaliwa", "Ujiji", "mtu wa watu". Mwishowe tuliisoma yote, na dawa tutaieleza. Ila dawa hiyo ina historia, na historia yenyewe inapita Texas na inapita pwani yetu, kwa hiyo wasomaji watuvumilie kidogo.

Maandishi matupu ni nini? Ni herufi, nafasi na alama za kuakifisha, basi. Hakuna aina ya mwandiko, hakuna rangi, hakuna ukubwa. Ni wali mkavu. Mchuzi utamwagia baadaye, wa kuku au wa maharage, upendavyo. Faili za programu za ofisi ni wali uliokwisha kuchanganywa na mchuzi wa mpishi mmoja. Mpishi akifunga hoteli, kuutenganisha ni kazi.

Ndani ya kompyuta kila herufi ni namba. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 kila kampuni ilikuwa na namba zake, kwa hiyo mashine ya kampuni moja haikuweza kusoma ya nyingine bila mkalimani. Mwaka 1963 Marekani ilitoa orodha moja ya pamoja iitwayo ASCII, yenye nafasi 128 tu. Toleo hilo la kwanza halikuwa hata na herufi ndogo. Hizo zilikamilishwa katika toleo la mwaka 1967. Mmoja wa walioipigania sana orodha hiyo ni Bob Bemer, ambaye wengi humwita baba wa ASCII. Ndiye aliyetetea ishara ya Escape na mkwaju wa kinyume, zote mbili zilizoko kwenye kibodi unayotumia leo. Mzee huyo alifariki Juni 2004 nyumbani kwake Possum Kingdom Lake, magharibi ya Fort Worth. Watu wetu huenda ziwani kule kuvua samaki na kuchoma nyama, bila kujua ni nani aliyekuwa jirani.

Mtu wa pili ni Mtexas wa kuzaliwa. Tarehe 11 Machi 1968 Rais Lyndon Johnson, ambaye jina lake tangu mwaka 1973 liko kwenye kituo cha NASA cha Houston, aliagiza kwamba kompyuta zitakazoingia katika serikali kuu kuanzia 1 Julai 1969 lazima ziwe na uwezo wa kutumia ASCII. Serikali ilikuwa mnunuzi mkubwa sana, na muuzaji hagombani na mnunuzi wa namna hiyo. Ndivyo orodha ya namba 128 ilivyopata nguvu ya kuenea.

Sasa tuje kwetu. Orodha ile ilitengenezwa kwa Kiingereza. Mfaransa hakupata é yake, Mjerumani hakupata ü yake, na ndugu zetu Wagĩkũyũ walikosa herufi mbili za jina lao wenyewe. Lakini Kiswahili kiliingia chote bila kubaki nje hata herufi moja. Kwa nini?

Sababu iko nyuma ya ASCII kwa zaidi ya miaka thelathini. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar. Kamati hiyo ndiyo mama wa TUKI, ambayo leo ni TATAKI, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Miaka hiyo hiyo taasisi moja ya lugha za Afrika huko London ilikuwa ikipendekeza herufi mpya kwa lugha zetu, mojawapo ikiwa ŋ. Kiswahili hakikuifuata. Kilibaki na ng', kikabaki na ch, sh, th, dh na gh, vitu ambavyo taipureta yoyote ya Kiingereza iliweza kupiga. Walioamua hivyo walikuwa na wachapaji na makarani wao akilini, kompyuta hawakuiota. Lakini uamuzi wao ndio uliotuwezesha, miongo mingi baadaye, kuandika barua pepe ya Kiswahili katika maabara yoyote ya chuo kikuu cha ugenini bila kuomba ruhusa wala programu ya ziada.

Haikuwa bure. Kimvita kina sauti ambazo tahajia ile haikuzipa nafasi, na watu wa Mombasa wanalijua hilo vizuri kuliko sisi. Tena Kiswahili kilikuwa kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa, na tenzi za zamani zimo katika hati hizo. ASCII haikuwa na nafasi yake. Zilingoja Unicode, iliyotoka mwaka 1991, na UTF-8, iliyobuniwa mwaka 1992 na Ken Thompson na Rob Pike. Hawa wawili walifanya jambo la busara: namba 128 za mwanzo waliziacha zilezile za ASCII. Kwa hiyo maandishi matupu ya Kiswahili yaliyohifadhiwa kwa ASCII miaka ya 1970 yanasomeka leo bila kubadilishwa hata nukta. Programu za ofisi zisizo na umri hata nusu ya huo haziwezi kujisifu hivyo.

Kuna mahali pamoja tu tunapojikwaa, nako ni kile kijialama cha ng'. Katika ASCII ni namba 39, alama iliyonyooka. Programu za ofisi huipenda ikiwa imepinda, basi huibadilisha kimyakimya unapoandika. Hiyo iliyopinda haimo katika zile 128. Barua ilipopita katika mitambo ya zamani ilitokea alama ya kuuliza, na sisi watu wa ng'ambo tukawa watu wa ng?ambo. Tulicheka, lakini si kichekesho kwa anayetafuta jina la Nyang'oro katika orodha ya wachangiaji, kompyuta ikamjibu kwamba hayumo.

Swali linabaki: wali mkavu utaliwaje? Hapo ndipo zinapoingia programu za kugeuza, nazo si jambo la jana. Mwaka 1964 Jerome Saltzer wa MIT aliandika RUNOFF: unaandika maandishi matupu, unatia amri chache katikati, mashine inakupa ukurasa uliopangwa. Mtoto wake, roff, alikuwa miongoni mwa kazi za kwanza za Unix. Mwaka 1971 idara ya hataza ya Bell Labs iliitumia kuandaa maombi yake. Mwaka 1978 Donald Knuth alitoa TeX kwa ajili ya vitabu vya hisabati. Sisi tuliosoma uhandisi ughaibuni miaka ya 1990 tuliandika tasnifu zetu kwa LaTeX, mtoto wa TeX, na faili zile bado zinasomeka. Mwaka 2002 Stuart Rackham wa New Zealand alitoa AsciiDoc, na mwaka 2004 John Gruber akatoa Markdown, ambayo amri zake ni chache hata mtu asiye fundi huzishika kwa dakika kumi: alama # mbele ya kichwa cha habari, nyota mbele ya kila jambo katika orodha.

Kisha mwaka 2006 John MacFarlane, mwalimu wa falsafa huko Berkeley, California, alitoa Pandoc. Hii ndiyo tunayoitumia. Inasoma mitindo mingi na kuandika mitindo mingi, haiuzwi, na mtu yeyote anaruhusiwa kuifungua, kuirekebisha na kuigawa. Programu za namna hii ndizo zinazoitwa programu huria, na Waswahili si wageni wake. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na washirika wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Wengi wetu tuliipakua kwa fahari tu, tuone neno "Hifadhi" juu ya skrini. Faida kubwa zaidi tulikuja kuielewa baadaye: programu ambayo siri yake iko wazi, mwenyewe akiiacha, mwingine anaweza kuiokota.

Kuiweka Pandoc si kazi. Kwenye Windows au Mac unapakua kisakinishi kutoka tovuti yake na kubofya hadi mwisho. Kwenye Ubuntu unaandika sudo apt install pandoc. Haina dirisha la picha na vitufe, na hilo huwatisha watu. Unafungua dirisha la amri, unaingia kwenye folda yako, unaandika mstari mmoja:

pandoc katiba.txt -o katiba.docx

Faili ya Word imepatikana. Badilisha docx iwe html, una ukurasa wa tovuti. Iwe epub, una kitabu cha simu. Ukitaka PDF, weka na LaTeX kwanza. Na kwa ajili ya ng' yetu, ongeza -f markdown-smart kwenye amri, kwa sababu Pandoc nayo, isipokatazwa, huipinda ile alama.

Pandoc haisomi faili za zamani za ofisi, hata zile za .doc. Kwa hizo tunapitia LibreOffice, iliyozaliwa mwaka 2010 kutokana na OpenOffice. Ndani yake mna kazi ya watu wa kujitolea ambao, baiti kwa baiti, wamechambua mitindo iliyoachwa na wenyewe; tangu mwaka 2014 sehemu kubwa ya kazi hiyo iko chini ya mradi uitwao Document Liberation Project. Historia ya yule mzee wa Ujiji ilifunguka hapo. Tuliihifadhi kama docx, tukaigeuza kwa Pandoc kuwa maandishi matupu, tukarudisha kila ng' mahali pake. Kurasa tatu. Wajukuu wakajua kwamba babu yao alivuka Ziwa Tanganyika kwa mtumbwi kwenda kuoa.

Basi tunapendekeza mambo matatu kwa makatibu wetu. Kwanza, nakala ya asili ya kila waraka iwe maandishi matupu ya UTF-8. Word na PDF ziwe za kugawa. Pili, nakala zikae mbali mbali. Agosti 2017 Harvey ilipoizamisha Houston, Dallas ilikuwa kavu. Siku nyingine inaweza kuwa kinyume. Maili 240 za I-45 zinatosha kuwa ukuta. Tatu, tusingoje. Ndugu zetu kutoka Kongo walioletwa Fort Worth na Houston wanaandika sasa hivi habari za safari zao za kambini, kwa Kiswahili chao, nacho kinaingia ndani ya zile 128 sawasawa na cha Unguja.

Mwenye disketi, CD au kompyuta kuukuu chini ya kitanda asiitupe. Aje nayo kwenye mkutano ujao, na dirisha la amri litakuwa wazi.