Jangwa Lisilo na Watu

Nimezaliwa Moroto, kaskazini mashariki mwa Uganda. Nikitaja kwetu hapa chuoni, mara nyingi hujibiwa, "Ah, kule jangwani!" Karamoja si jangwa. Ni nchi kame yenye msimu wa mvua, mashamba ya mtama na ng'ombe wengi. Lakini jibu hilo ndilo lililozaa swali la insha hii: watunzi wa muziki waliotaka kulifikisha jangwa masikioni mwetu walisikia nini huko?

Edgard Varèse, Mfaransa aliyehamia Marekani, alitunga Déserts kati ya 1950 na 1954. Ni utunzi wa vyombo vya kupuliza, piano na ngoma, unaokatizwa mara tatu na sauti zilizonaswa kwenye kanda. Ulipopigwa Paris tarehe 2 Desemba 1954, redio ikitangaza moja kwa moja, wasikilizaji walizomea. Kuzomea huko ndiko vitabu hukumbuka. Mimi kilichonishangaza ni kwamba kanda zile zina sauti za viwandani. Varèse alieleza kuwa jangwa lake lilikuwa la mchanga, la bahari, la theluji, la mitaa mitupu, na hata la ndani ya akili ya mtu. Kwake, basi, jangwa lilikuwa jina jingine la utupu, na utupu aliweza kuupata New York bila kupanda gari.

Waliomfuata walipanda gari. Mwaka 1978 Mwingereza Brian Eno alitoa Ambient 1: Music for Airports na kuupa jina muziki wa ambienti, yaani muziki unaotanda mahali kama mwanga, usiomlazimisha mtu kuusikiliza. Steve Roach, aliyezaliwa California mwaka 1955, aliupeleka mtindo huo nyikani. Mwaka 1989, pamoja na Kevin Braheny na Michael Stearns, alitoa Desert Solitaire, jina lililotokana na kitabu cha Edward Abbey cha 1968 kuhusu jangwa la Utah. Sauti za sintesaiza huvutwa ndefu, zikapanda na kushuka polepole kama pumzi za mtu aliyelala. Nakiri kwamba umbali ameupata. Aliyewahi kuutazama mlima Moroto ukibadilika rangi jioni atamwelewa.

Lakini watu wako wapi? Hata mchanga wenyewe haunyamazi: katika baadhi ya majangwa, Morocco kwa mfano, vilima vya mchanga hunguruma chembe zinapoporomoka pamoja. Sembuse wenyeji! Roach mwenyewe, naamini, alilitambua pengo hilo. Kabla ya kutoa Dreamtime Return mwaka 1988 alikwenda Australia, akajifunza kupuliza dijeridu, na mwaka 1990 alitoa albamu pamoja na Sarah Hopkins na David Hudson, mpulizaji dijeridu wa jamii za wenyeji wa asili. (Hudson anatoka kaskazini mwa Queensland, ambako si jangwa hata kidogo, inaonekana mwenyeji yeyote alitosha.) Hata hivyo, hapo jina la mwenyeji liliandikwa kwenye jalada, na hilo naliona kuwa hatua kubwa kuliko sintesaiza zote.

Likizo iliyopita nami nilijaribu. Nilirekodi kwa simu, alfajiri, nje ya boma la babu: upepo, kengele za ng'ombe, ndege mmoja asiyechoka, kisha dada yangu mdogo akimwita mbuzi aliyepotea. Nikaongeza sauti ndefu za kinanda kwa programu ya bure. Rafiki yangu alisikiliza hadi mwisho, akasifu, kisha akanishauri nikate sauti ya mtoto ili "isikike kama jangwa kweli."

Nimekata kinanda. Dada bado anaita.