Tofali, Mbao na Maketi: Elimu ya Vifaa vya Ujenzi katika Historia ya Bukavu

Historia ya Bukavu kwa kawaida husimuliwa kwa kufuata watawala na majina waliyoyaacha, kama lile la Costermansville ambalo mji uliitwa hadi 1954, lakini inaweza pia kusimuliwa kwa kufuata vifaa ambavyo nyumba zake zilijengwa navyo na namna ujuzi wa vifaa hivyo ulivyopitishwa kutoka mkono hadi mkono. Katika simulizi hiyo ya pili, jambo linalojirudia ni kwamba kila kifaa kipya kiliingia mjini pamoja na hatari yake, na kwamba hatari hiyo ilijulikana kwanza na wale waliokishika, si na wale waliokichora.

Nyumba ya kale ya Bushi, nchi ya Washi inayouzunguka mji, ilikuwa ya duara na ilisukwa kama kikapu kilichofunikwa: fito na matete vilipindwa na kufungwa kwa kamba za mimea, kisha nyasi zikaezekwa kutoka kileleni hadi karibu na ardhi. Hakukuwa na mchoro, wala haukuhitajika, kwa kuwa kijana alijifunza kwa kushika ncha ya pili ya ufito ambao mzee alikuwa akiupinda, na hapo hapo akatambua ni upi ungevunjika na ni upi ungekubali kupinda. Nyumba hiyo ilioza na kusukwa upya, jambo ambalo waandishi wa kikoloni waliliona kuwa udhaifu, ingawa ni huko kusuka upya kulikohakikisha kwamba kila kizazi kinaijua kazi.

Tofali la kuchoma lilikuja na misheni, na Mapadri Weupe, ambao mwaka 1906 walikuwa wameanzisha kituo chao Nyangezi, kusini mwa Bukavu, walikuwa miongoni mwa walioliingiza katika eneo hilo. Tanuri, yaani rundo la matofali mabichi lililopangwa likiachiwa mashimo ya kuni chini yake na kukandikwa udongo kwa nje, halitoi matofali yanayolingana: yaliyo karibu na moto huiva kupita kiasi hata kupinda, na yale ya pembeni hubaki na rangi hafifu na huwa laini. Fundi huyachambua kwa sikio, akiyagonganisha mawili mawili, kwa sababu lililoiva hulia kwa sauti kali na lisiloiva hutoa mlio mzito uliokufa. Ujuzi wa namna hiyo haumo katika ramani ya jengo.

Pengo kati ya ramani na mkono lilipanuka mji ulipokua. Majengo ya mtindo wa Art Deco, wenye pembe za mviringo na mistari mirefu ya mlalo, yaliinuka kwenye barabara iliyoitwa Avenue Royale, ambayo leo ni Avenue Patrice-Emery Lumumba, na Wajesuiti wakafungua mwaka 1938 chuo ambacho baadaye kilipewa jina la Alfajiri. Michoro ilitoka katika ofisi za Wazungu, na Wakongo wakawa waashi, maseremala na wabeba zege. Baada ya 1952 shirika la serikali ya kikoloni lililojulikana kama Office des Cités Africaines lilijenga mtaa wa Bagira, mjini Bukavu, kwa nyumba za aina chache zilizorudiwa safu kwa safu, utaratibu ambao uliharakisha kazi lakini ulimwachia fundi nafasi ndogo ya kuamua lolote. Elimu ya juu ya usanifu wa majengo, kwa upande wake, ilikua mbali: shule ya sanaa aliyoianzisha Bruda Marc-Stanislas huko Gombe-Matadi mwaka 1943, iliyokuja kuwa Académie des Beaux-Arts, ilihamia Kinshasa, takriban kilomita 1,500 kutoka Bukavu kwa njia ya anga.

Vita vya miaka ya 1990 vilileta mjini watu wengi waliokimbia vijijini, na nyumba za mbao zikasongamana kwenye miteremko ya Kadutu, kwa kuwa mbao ni nafuu, ni nyepesi kupandisha mlimani na husimikwa kwa muda mfupi. Zinaposhika moto, huteketea mtaa kwa mtaa. Hata hivyo, tetemeko la tarehe 3 Februari 2008, lililokuwa na ukubwa wa karibu 6, lilionyesha upande mwingine wa hesabu, kwa sababu ukuta wa matofali hubeba uzito vizuri lakini hupasuka unaposukumwa kwa ubavu, ilhali fremu ya mbao hucheza na kurudi. Ardhi yenyewe nayo haikutulia: utafiti kuhusu mporomoko wa ardhi wa Funu, mjini humo, uliochapishwa 2022 katika jarida la Nature Geoscience, ulionyesha kwamba kuenea kwa makazi kumechangia kuharakisha mwendo wa sehemu za mteremko huo. Mkazi wa Bukavu, basi, huchagua kati ya moto, mtikisiko na uzito, na uchaguzi huo haufanyiki vyema kwa penseli pekee.

Hapa ndipo maketi, yaani mfano mdogo wa jengo unaotengenezwa kwa mkono, inapopata umuhimu wake katika kumfundisha msanifu. Katika shule ya Bauhaus, iliyofunguliwa Weimar nchini Ujerumani mwaka 1919, wanafunzi walianza kwa kushika vifaa kabla ya kubuni majengo, na Josef Albers, aliyeanza kufundisha huko 1923, aliwapa karatasi waikunje mpaka igundulike inaweza kubeba nini. Somo hilo lilienea duniani, ila katika vyuo vingi likapungua hadi kukata kadibodi nyeupe, ambayo huonyesha umbo la nyumba na kuficha kila kitu kuhusu udongo wake. Maketi inayofundisha vifaa ni ile iliyofinyangwa kwa udongo wenyewe. Hata kabla ya kuijenga, mwanafunzi anaweza kujaza udongo mbichi katika kisanduku chembamba chenye urefu wa sentimita 60, akauanika kivulini, kisha akapima umesinyaa kiasi gani. Udongo unaosinyaa sana utapasua tofali kabla halijafika kwenye tanuri.

Udogo wa maketi, hata hivyo, una udanganyifu wake, ambao Galileo aliueleza katika kitabu chake cha 1638. Jengo likipunguzwa mara 10 kila upande, uzito wake hupungua mara 1,000, lakini eneo la nguzo linaloubeba hupungua mara 100 tu, hivyo mfano husimama imara mahali ambapo jengo kamili la umbo lile lile lingevunjika. Boriti ya maketi isiyopinda haithibitishi lolote kuhusu boriti ya Kadutu. Kupinduka ni habari nyingine, kwa maana ukuta wa vipande vizito vilivyopangwa bila saruji husimama au huanguka kwa umbo lake, si kwa nguvu ya kifaa chake, na kwa sababu hiyo ukuta wa sentimita 20 uliojengwa juu ya ubao na kuinamishwa polepole utaanguka kwenye pembe ile ile ambayo ungeangukia wa mita 2 wenye uwiano huo huo. Kwa mji ambao viwanja vyake vingi hushikiliwa na kuta za kuzuia udongo, hilo ni jaribio la haki, mradi mwalimu akumbuke kwamba ubao mkavu hauna maji ya mvua yanayojikusanya nyuma ya ukuta, na kwamba ukuta wa kweli usioachiwa matundu ya kuyatoa husukumwa na maji hayo pamoja na udongo wenyewe.