Darasa Lililoanza na Mgonjwa

Wanafunzi wapatao 20 walioingia kusomea udaktari katika Chuo Kikuu cha McMaster, mjini Hamilton nchini Kanada, mwaka 1969, hawakukuta mihadhara ya anatomia asubuhi na maabara mchana. Badala yake waligawanywa katika vikundi vidogo, wakapewa habari za mgonjwa mmoja, wakaachwa wajiulize: mtu huyu ana nini, na sisi tunapaswa kujua nini ili tumwelewe?

Aliyeleta vurugu hiyo ni John Evans, mkuu wa kitivo aliyeteuliwa mwaka 1965 akiwa na umri wa miaka 35. Vyuo vingi vya tiba vya Amerika ya Kaskazini wakati huo vilifuata mfumo uliotokana na ripoti ya Abraham Flexner ya mwaka 1910: sayansi kwanza kwa miaka miwili, wagonjwa baadaye. Flexner mwenyewe, mwalimu wa shule ambaye hakuwa daktari, aliichukia elimu ya kukariri. Vyuo vilishika ratiba yake, vikaisahau hoja yake.

Mtaalamu wa neva Howard Barrows alijiunga na McMaster miaka michache baadaye. Alikuwa ameshajipatia jina huko Los Angeles, ambako mwaka 1963 alimfundisha mtu mwenye afya kuigiza mgonjwa ili wanafunzi wapimwe kwa haki. Kilichomkera ni kuona vijana waliofaulu somo wakiduwaa mbele ya mgonjwa.

Waholanzi wa Maastricht walipoanzisha kitivo chao mwaka 1974, waliiwekea mbinu hiyo ya kuanza na mgonjwa utaratibu wa hatua saba, nao ndio uliosambaa. Chukua kisa cha mama anayeshindwa kupumua kila apandapo ngazi. Kwanza kikundi hufafanua maneno magumu, kisha hutaja tatizo, kisha kila mmoja hutoa dhana zake bila kuogopa kuchekwa: moyo, mapafu, upungufu wa damu. Dhana hupangwa ubaoni. Penye pengo, pengo huandikwa kuwa swali. Hapo kikao huvunjika, kila mtu huenda maktaba kutafuta majibu peke yake, na siku chache baadaye hukutana tena kuelezana walichopata. Mkufunzi yupo muda wote, lakini kazi yake ni kuuliza. Mhadhiri aliyezoea kushika chaki saa nzima huona kunyamaza kuwa adhabu, na kwa maoni yangu hapo ndipo mageuzi mengi ya vyuo hukwama, si kwa wanafunzi.

Mwaka 1979, mjini Kingston, Jamaika, vyuo vyenye mwelekeo huo viliunda mtandao kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani. Mbinu ikafika Eldoret. Kitivo cha sayansi za afya cha Chuo Kikuu cha Moi, cha pili nchini Kenya kufundisha udaktari, kilianzishwa mwaka 1988 na kupokea wanafunzi mwaka 1990. Pale swali halikuishia kwenye karatasi. Katika mpango unaojulikana kama COBES, wanafunzi hupelekwa vijijini na kwenye vituo vya afya, wakaulize kaya kuhusu maji, vyoo na chanjo. Ni elimu yenye gharama: kikundi kidogo kinahitaji chumba chake na mkufunzi wake, ilhali ukumbi mmoja humeza mamia kwa mhadhiri mmoja.

Na McMaster nayo ilipata somo lake. Kwa miaka mingi haikuwa na mitihani ya kawaida. Tathmini ya mkufunzi ilitosha. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980, wahitimu wake walikuwa wakifeli mtihani wa leseni wa Kanada zaidi ya wastani wa nchi. Waliokuwa wakipinga tangu mwanzo bila shaka walitabasamu. Chuo hakikurudi kwenye mihadhara. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kiliazima kutoka Maastricht mtihani wa ajabu kidogo: haufungamani na somo lolote, hurudiwa mara kadhaa kwa mwaka, na mwanafunzi mgeni hujibu maswali yale yale anayoulizwa anayekaribia kuhitimu. Hakuna cha kukesha nacho usiku wa kuamkia mtihani, kwa kuwa chochote kinaweza kuulizwa. Kiwango cha kufeli leseni kikashuka, na vikundi vidogo vikaendelea na vikao vyao.