Comet: jaribio lililofaulu kupita kiasi

Safari ya kwanza ya ratiba ya abiria kwa ndege ya jeti duniani haikuelekea New York. Ilikuja Afrika. Tarehe 2 Mei 1952, ndege ya de Havilland Comet ya shirika la BOAC, usajili G-ALYP, iliondoka London ikapitia Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone hadi Johannesburg.

Tarehe 10 Januari 1954 ndege hiyo hiyo ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, Italia. Watu 35 wakafa. Comet zikasimamishwa, zikafanyiwa marekebisho kadhaa, kisha zikaruhusiwa kuruka tena tarehe 23 Machi. Tarehe 8 Aprili nyingine, G-ALYY, ikapasuka ikitoka Roma kwenda Cairo. Watu 21 wakafa.

Je, haikupimwa? Ilipimwa sana, ndugu msomaji. Na hapo ndipo pa kujifunza.

Hapa Lucky Summer, ukikosa koleo unaupinda waya huku na huku mpaka ukatike. Hakuna pindo moja lenye nguvu ya kuukata. Ni idadi yake. Mafundi huita hali hii uchovu wa metali. Bodi ya Comet ilikuwa ya aloi nyembamba ya alumini. Ikipanda juu, shinikizo la ndani lilizidi la nje kwa pauni 8.25 kwa kila inchi ya mraba, bodi ikatanuka, ikitua, ikanywea. Kila safari ni pindo moja.

De Havilland walichukua kipande cha bodi wakakijaza shinikizo na kulitoa mara 16,000. Jibu zuri! Lakini G-ALYP ilikuwa na safari 1,290 tu, na G-ALYY 900.

Tofauti hiyo ilitoka wapi? Kipande kile kilikuwa kimeshapimwa nguvu kwa shinikizo maradufu. Sehemu zilizobeba mkazo mkubwa, kama pembe za madirisha, zikavutika na kubadilika umbo moja kwa moja. Shinikizo lilipotolewa, alumini iliyozizunguka ikarudi na kuzibana. Kubanwa huko huchelewesha ufa. Kwa hiyo kipande cha majaribio kilikuwa kigumu kuchoka kuliko ndege zilizobeba watu.

Huko Farnborough, Uingereza, wachunguzi waliitumbukiza G-ALYU kwenye tangi la maji. Ilikuwa imesharuka mara 1,221; wakaongeza mizunguko 1,836. Ikapasuka kwenye pembe ya dirisha.

Sasa tuje kwenye hesabu. Kanuni ya Miner ya mwaka 1945 ni kama kaunta: kila mzunguko unaongeza sehemu ndogo ya uharibifu, jumla ikifika 1, kitu kimevunjika. Ni nyepesi kuiandikia programu, lakini haijali kipi kilitangulia. Shinikizo maradufu likija mwanzo au mwisho, jumla ni ile ile. Comet inatuonyesha kwamba mpangilio una uzito.

Mwaka 1958 Kachanov, wa Urusi ya Kisovieti, aliufanya uharibifu kuwa kigezo kinachojitegemea, kinachobadilika ndani ya metali kadiri muda unavyopita. Programu za leo hukata bodi katika vipande vidogo vidogo, na kila kimoja kinaweza kubeba kumbukumbu mbili: kimebadilika umbo kiasi gani, na kimeharibika kiasi gani. Kumbukumbu hizo huathiriana kila hatua. Ukizitenganisha, unarudia kosa la kile kipande.

Mwaka 1960 East African Airways ilianza kurusha Comet 4, yenye bati nene zaidi na madirisha yaliyosanifiwa upya. Wakenya, Waganda na Watanganyika wakapanda jeti yao wenyewe.

Kwetu waandishi wa programu, funzo ni hili: jaribio likifaulu, uliza kwanza kilichopimwa kilipitia nini kabla ya kupimwa. Kama kilichoko kazini hakikupitia hayo, jibu hilo si lake.

Haya, kwaherini kwa leo.