Wamesubiri fainali miaka 78, wakaambulia kipigo cha pointi 19: shabiki wa Waterford alie au apige makofi?

Jumapili, Agosti 6, 2023. Uwanja wa Croke Park, jijini Dublin, nchini Ireland. Mpira umeisha na ubao unasoma hivi: Cork 5-13, Waterford 0-9. Kwa hesabu za huko hiyo ni tofauti ya pointi 19. Mechi iliisha kitambo kabla ya filimbi ya mwisho, zikabaki dakika za kusukuma tu.

Sasa kilichowauma zaidi watu wa Waterford ni historia iliyokuwa nyuma ya siku ile. Kaunti yao ilikuwa haijacheza fainali hii tangu mwaka 1945. Miaka 78! Bibi aliyekuwa na miaka saba wakati ule alikuwa na miaka 85 siku hiyo. Watu walifika na jezi nyeupe na buluu, wengine na watoto mgongoni, halafu wakaondoka na kipigo ambacho hata jirani anaona aibu kukutania. Na jirani mwenyewe ndiye Cork, kaunti wanayopakana nayo upande wa magharibi. Yaani aliyekuchapa unakutana naye sokoni.

Ili uelewe machungu yake, twende taratibu.

Kamogi ni nini hasa?

Kamogi ni mchezo wa wanawake unaochezwa kwa fimbo na kimpira kigumu cha ngozi. Wanaume wana wa kwao unaofanana nao, unaitwa hurlingi. Kila upande una wachezaji 15. Goli lina nyavu chini na milingoti mirefu juu. Ukiingiza kimpira nyavuni ni bao, na bao moja ni pointi 3. Ukikipitisha juu ya mwamba, katikati ya milingoti, unapata pointi 1. Ndiyo maana matokeo yanaandikwa kwa namba mbili: 5-13 ni mabao matano na pointi 13, jumla 28. Waterford hawakupata bao hata moja, walikuwa na pointi zao 9 basi.

Mchezo huu ulianza mwaka 1904, Ireland ikiwa bado chini ya utawala wa Waingereza. Akina dada wa Dublin waliokuwa kwenye harakati za kufufua lugha ya Kiayalandi waliona wanaume wana michezo yao ya asili, wao hawana. Wakatengeneza wa kwao. Mechi ya kwanza ya hadharani ilichezwa Julai mwaka huohuo katika mji wa Navan, na mwaka uliofuata wakaunda chama chao. Ubingwa wa nchi nzima ukaanza 1932 na zawadi yake ikawa Kombe la O'Duffy, linalogombewa mpaka leo. Dublin ndio walikuwa wa kwanza kulibeba.

Na uwanja wenyewe wa Croke Park sio uwanja wa kawaida. Novemba 21, 1920, majeshi ya Waingereza yaliingia humo mechi ikiendelea na kufyatulia watu risasi. Wakafa 14, mmoja wao mchezaji aliyekuwa uwanjani. Jukwaa mojawapo limepewa jina lake. Kwa hiyo binti anayekulia kijijini na fimbo mkononi ndoto yake ni moja: siku moja akanyage nyasi zile. Ukifika pale halafu ukaadhirika, umeadhirika mahali ambapo taifa zima linapaheshimu.

Siku yenyewe ilivyokuwa

Waterford hawakubahatisha kufika fainali. Mwaka 2011 walikuwa wanachukua ubingwa wa daraja la tatu. Mwaka 2015 wakachukua wa daraja la pili. Wakapanda juu, wakapigana na wakubwa, na 2023 wakawatoa Tipperary kwenye nusu fainali. Miaka 12 kutoka daraja la tatu mpaka fainali ya wakubwa. Hiyo ni safari ya watu wenye roho ngumu.

Tatizo, walikutana na Cork wenye njaa. Cork walikuwa wamepoteza fainali mbili mfululizo: 2021 walifungwa na Galway kwa pointi 3, na 2022 wakafungwa na Kilkenny kwa pointi 1 tu. Ukimkuta mtu aliyelala na machungu miaka miwili, jiandae.

Kipindi cha pili kilipoanza, Cork waliingiza mabao mawili yaliyofuatana ndani ya dakika moja, yote ya mshambuliaji mmoja. Dada huyo alimaliza mechi na 3-7, yaani pointi 16 peke yake. Waterford nzima ilikuwa na 9. Mtu mmoja kawazidi watu 15! Hapo shabiki wa Waterford aliyeko jukwaani anafanya nini? Kuondoka hawezi, maana amesubiri miaka 78. Kukaa nako ni mateso.

Shabiki asiye na timu ya kuhamia

Watu waliozoea soka la Ulaya wanaweza wasielewe kitu kimoja hapa. Kwenye soka shabiki anachagua timu. Unaweza kukaa Mbagala ukaipenda timu ya London, ikikuchosha unanuna, unatukana, unataka mchezaji fulani auzwe na kocha afukuzwe kesho.

Ireland kwenye michezo hii ya asili mambo ni tofauti. Mchezaji anaanzia klabu ya kijijini kwao, akiwa mzuri anaitwa timu ya kaunti yake. Hakuna dirisha la usajili, hakuna kununua mshambuliaji kutoka kaunti ya jirani. Na hawa wachezaji hawalipwi mshahara. Jumapili wako mbele ya maelfu ya watu, Jumatatu au siku chache baadaye wanarudi kwenye kazi zao na masomo yao kama mtu mwingine yeyote. Dada aliyepoteza kimpira na kusababisha bao anaweza kuwa ndiye mwalimu wa mwanao au nesi atakayempima shinikizo la damu mama yako.

Ndiyo maana hasira za kipigo huko hazina pa kwenda. Utamtukana nani? Ukipaza sauti jukwaani, pembeni yako amekaa baba yake mzazi. Wapo wanaoropoka, binadamu ni binadamu, lakini wengi hulazimika kutafuta njia nyingine ya kubeba uchungu.

Njia ya kwanza ni shukrani: "Hongera wasichana, mmetufikisha tulipokuwa hatujafika." Ni desturi ya siku nyingi Ireland timu iliyopoteza fainali kupokelewa nyumbani kwa bendera na makofi kama washindi. Njia ya pili ni mahesabu: tulikosea wapi, kwa nini ulinzi ulifunguka, mbona mabadiliko yalichelewa. Njia ya tatu ni kimya. Mtu anakunja bendera, anaendesha gari mpaka nyumbani, habari hiyo haizungumzwi mezani.

Kwa kipigo cha pointi 19 njia ya kwanza ndiyo rahisi zaidi, na ndiyo inayosikika sana. Hapo sasa ndipo penye mjadala.

Makofi ya heshima au makofi ya huruma?

Waterford wanajua vipigo. Mwaka 2008 timu yao ya wanaume ya hurlingi ilifika fainali ya kwanza tangu 1963. Miaka 45 ya kusubiri. Kilkenny wakawachapa 3-30 kwa 1-13. Piga hesabu: pointi 39 kwa 16, tofauti 23. Ni kipigo kikubwa kuliko cha hawa dada zao. Na msimu ule ulikuwa na mambo yake, maana kocha aliondoka katikati ya msimu baada ya wachezaji kumkataa, akaletwa mwingine.

Wanaume wakipigwa vile, mpaka leo ile fainali inachambuliwa. Inatajwa kwenye baa, kwenye magazeti, kwenye redio. Inauma, na kwa sababu inauma watu hawaiachi. Timu ile ilichukuliwa kama timu kubwa iliyoshindwa kazi kubwa.

Sasa wanawake wakipigwa, mara nyingi unasikia sauti inashuka, inakuwa laini. "Wamejitahidi." "La muhimu walifika." Nia ni njema, lakini neno "wamejitahidi" huwa tunalitumia kwa mtoto aliyeshika namba ya 30 darasani. Mchezaji aliyeamka alfajiri kwenda mazoezini na baridi ya Februari, mwaka hadi mwaka bila mshahara, hakwenda Dublin kujitahidi. Alikwenda kuchukua kombe. Ukimwambia imetosha, unamwambia pia kwamba hukutegemea zaidi.

Na mwaka ule jambo hili halikuwa la nadharia. Katika msimu huohuo wa 2023 wachezaji wa kamogi na wenzao wa soka la wanawake la Kiayalandi waliungana kulalamika hadharani. Walidai mambo ya msingi tu: warudishiwe nauli, wapate matibabu ya uhakika, wawe na viwanja vya mazoezi, na pawe na mkataba unaoeleza haki zao. Timu zilikuwa zinaingia uwanjani na fulana za madai. Hata mavazi yalikuwa vita. Mpaka mwaka 2025 mchezaji wa kamogi hakuruhusiwa kuvaa kaptula ya kawaida, ilikuwa lazima ile ya kufanana na sketi. Mwezi Mei mwaka huo timu mbili ziliingia na kaptula, mwamuzi akawaambia wakabadilishe la sivyo hakuna mechi. Wiki chache baadaye chama kikapiga kura na kaptula ikapita kwa kishindo.

Kwa hiyo unapoona timu ya kaunti ndogo imepigwa 5-13 kwa 0-9, jiulize imepigwa na nani. Imepigwa na Cork, ndiyo. Ila pia kuna pengo la miaka mingi. Cork walipobeba kombe siku ile lilikuwa la 29 kwao. Mabinti wao wanakua wakiona dada zao na shangazi zao wakirudi na medali. Waterford walikuwa na kumbukumbu moja tu ya fainali, ya 1945, na hiyo nayo walifungwa na Antrim. Mila ya ushindi hainunuliwi dukani, inajengwa na watu wanaokuja uwanjani hata siku mbaya.

Shabiki anayempenda mchezaji wake kweli anaweza kufanya yote mawili. Anapiga makofi timu ikitoka uwanjani, halafu Jumatatu anauliza maswali magumu: mazoezi yalikuwaje, pesa ilikwenda wapi, watoto wa kike wa shule wanapewa fimbo au wanaachwa tu? Maswali hayo hayo angeuliza kwa timu ya wanaume. Kulalamika kwa akili nako ni heshima.

Baada ya vumbi kutulia

Angalia Cork wenyewe. Walicheza fainali tano mfululizo kuanzia 2021 hadi 2025. Mbili za mwanzo walifungwa. Mbili za katikati, 2023 na 2024, wakashinda. Ya tano, 2025, wakafungwa tena na Galway kwa pointi 1, 1-14 kwa 1-13. Yaani timu bora ya zama hizi imelia mara tatu ndani ya miaka mitano. Kila mara mashabiki wao wenye jezi nyekundu walirudi wakijaza magari, kwa sababu Cork kufungwa fainali ni msiba wa kweli, na hakuna anayewaambia la muhimu walifika.

Ukitaka kuona ubabe wa kweli rudi nyuma zaidi. Kati ya 1948 na 1966 Dublin walichukua ubingwa mara 18 katika miaka 19. Mwaka mmoja tu, 1956, ndio Antrim waliwaponyoka. Kaunti nyingine miaka yote hiyo zilikuwa zinakwenda, zinachapwa, zinarudi. Zingekata tamaa pale, Cork hii isingekuwepo.

Na Waterford? Hawakurudi shimoni. Mwaka 2025 walikuwa tena nusu fainali, na mpinzani alikuwa yuleyule Cork. Wakatolewa tena. Lakini ukilinganisha na miaka 78 ya kutofika kabisa, miaka miwili tu ni muda mfupi kurudi kugonga mlango. Mabinti waliokuwa na miaka kumi pale Croke Park Agosti 2023, waliomaliza siku wakiwa na rangi ya buluu iliyochuruzika mashavuni, sasa ndio wanaingia kwenye timu za vijana. Wao hawakuhadithiwa fainali na bibi. Waliiona kwa macho, na waliona pia watu wazima wao walivyobeba kile kipigo.

Sasa kazi kwenu wadau. Timu yako ikipigwa vibaya fainali, unapiga makofi, unauliza maswali, au unakunja bendera kimyakimya? Na ingekuwa timu ya wanawake, ungejibu vilevile?